Jiko Juu ya Bomba

Mama yangu analipwa kutembea. Watu wakisikia hivyo hucheka, naye huwaacha wacheke. Bomba la gesi linapita chini ya ardhi kutoka kwao hadi nchi jirani, na kipande anachokagua yeye ni kile cha mwisho kabla ya mpaka. Anatembea juu yake akikagua nyasi. Zikinyauka mahali pamoja wakati kwingine zimestawi, huenda gesi inavuja, na hapo hupiga simu. Kazini wanamwita Mama Nyasi.

Mimi niliolewa ng'ambo ya mpaka, na bomba hilohilo linapita kando ya uwanja wetu. Mume wangu alipojenga jiko, alilisogeza hadi kwenye ukanda wa bomba, ambako kujenga kumekatazwa. Ardhi imekaa bure, nani angeiacha? Mama alipokuja kututembelea, alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama kigingi cha bomba upande huu, kisha cha upande ule. Chai niliyommiminia hakuigusa.

"Baba, hili jiko lihame," alimwambia mkwewe.

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Gesi ikivuja si tutasikia harufu?"

"Harufu wanaitia mjini, kabla ya kuigawa majumbani. Hii inayopita hapa hainuki kitu. Mtawasha kiberiti mkidhani ni hewa."

Mume wangu akacheka, akasema atalifikiria. Namjua huyu: akishasema atafikiria, jambo limelala. Mama naye anamjua.

Wiki hiyohiyo wakaguzi wa upande wetu walikuja, wakalibomoa jiko majirani wakitazama. Sikuhitaji kuuliza nani kawaita. Nikawa mbogo. Mama mzazi, kunishtaki mimi! Simu zake niliziacha ziite mpaka zichoke.

Basi akaja mwenyewe siku yake ya mapumziko, jembe begani. Salamu yake sikuiitikia vizuri. Akazunguka nyuma ya nyumba, mbali na vigingi, akaanza kuchimba msingi mpya. Nilimwacha achimbe peke yake hadi gauni likamganda mgongoni kwa jasho, roho ikaanza kuniuma.

"Mama, hukuweza kunifichia siri hata mimi mwanao?"

Hakuinua kichwa. "Ningeificha, ningekuwa natembea kule kwangu kila siku nikisubiri kusikia mlipuko wa huku."

Nilichukua sepetu, nikaingia shimoni nianze kutoa udongo.