Mahindi Yaliyokwisha Kukauka

Nyinyi vijana mnaopita na pikipiki hapa Ruiru kama mnafukuzwa na nyuki, kaeni chini kidogo. Jana jirani aliyaanika mahindi kwa veranda, na ile harufu ikanirudisha Gatuanyaga, nikiwa mtoto, sina viatu.

Nyumba yetu ilikuwa upande huu wa barabara, kisima upande ule. Malori ya mawe yalikuja mbio kuelekea Thika, vumbi nyuma. Na mdogo wangu Njeri alikuwa hasikii. Surua ilimwachia masikio ya urembo tu.

Kila asubuhi mama alitandaza magunia pale pale tulipovukia, akaanika mahindi mpaka karibu katikati ya barabara. Jua likiyapiga yalinukia kama uji unaotaka kuchemka. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza kwa mguu na kufukuza kuku. Mpaka leo nyayo zangu zinazitamani zile punje zenye joto.

Siku moja nikauliza, "Mama, haya si yalikauka juzi?"

"Ukauke wewe huo mdomo. Geuza."

Kuna dereva alisimama, akatoa kichwa dirishani. "Mama, ondoa hizi takataka! Hii ni barabara ya serikali!"

"Kwani wewe asubuhi ulikula takataka?" Mama hata hakuinuka alipokuwa ameketi.

Yule mtu akanung'unika, akapita pembeni polepole, gurudumu lisiguse hata punje. Nyuma ya lori Njeri akavuka na mtungi wake, anajiimbia wimbo asiousikia.

Nilidhani mama ni mkaidi tu. Nimezeeka ndipo nikaelewa. Mtoto akiwa barabarani, dereva alimpigia honi tu, akimbie mwenyewe. Lakini kukanyaga chakula, hapo aliogopa. Mama alijua hivyo, akamwekea Njeri chakula barabarani. Njeri alikua, akazaa, akafa mzee, kitandani kwake. Ningempata mama leo, ningegeuza mahindi hayo mpaka jioni bila kuuliza.

Hapa kwetu wametuwekea lami laini, matuta hakuna. Tumeyaomba mpaka chifu akituona anapitia njia ya nyuma. Na wajukuu wangu wadogo wanavuka hapo kwenda shule, wameshikana mikono.

Jana jioni nikamwita Wambui, mjukuu wangu mkubwa. "Toa lile gunia la mahindi ya githeri."

"Haiya, cucu, si hii mahindi imekauka kitambo?"

"Nimekuuliza kama imekauka? Kesho asubuhi, kabla watoto hawajatoka, anika barabarani pale wanavukia. Na mtu yeyote wa nyumba hii asiyaanue mpaka nione tuta."