Kamba ya Ansar

Kwa miaka ishirini Kulyash aliuza viatu vya sufu vya kuvaa nyumbani katika soko kuu la mji wa Taraz, na wateja wa siku nyingi walimtambua hata kabla ya kumwona uso, kwa mwendo wake wa kuchechemea. Nyonga ya kushoto ilimvunjika majira ya baridi, mdogo wake Daulet alipokuwa mwaka wa pili chuoni. Aliteleza kwenye barafu akiwa na furushi la viatu mgongoni, akalala wiki mbili, kisha akarudi kwenye meza yake mfupa haujaunga sawasawa. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa na Daulet hakuwa na mwingine wa kumtegemea. Kulyash hakuolewa. Watu wakimwuliza kwa nini, alisema, "Na yule mlafi angelishwa na nani?" kisha akacheka mwenyewe.

Daulet alimaliza masomo, akapata kazi, akaoa. Mkewe Nurila alipojifungua Ansar na kurudi kazini miezi sita baadaye, Kulyash alimwachia jirani meza yake nusu siku, akawa analea. Kwa hiyo siku Ansar alipoachia ukingo wa kochi na kupiga hatua tatu, ni yeye aliyekuwa ameketi mbele yake, mikono wazi. Alimpigia Daulet simu akilia.

"Basi apa," Daulet akamwambia, maana tangu utotoni alimwita apa, dada mkubwa, "sherehe ya mwaka mmoja tutaiunganisha na ya kukata kamba. Na wewe ndiye utakayeikata. Nani mwingine?"

Kwa desturi yao, mtoto anayeanza kutembea hufungwa miguu kwa kamba, na mtu mmoja aliyechaguliwa huikata ili aende zake duniani. Husemwa kwamba mtoto humfuata aliyemkatia, kwa tabia na kwa mwendo.

Kulyash aliipanga sherehe ile kama harusi. Alitafuta ukumbi, akabishana na mpishi juu ya nyama ya farasi hadi mpishi akanyoosha mikono juu. Aliandika wageni themanini, akafuta kumi, akawarudisha wanane kwa kuogopa lawama. Kamba aliisuka mwenyewe kwa sufu nyeusi na nyeupe, ili mtoto akikua ajue kutenganisha jema na baya. Aliifumua mara mbili kwa kuona haijanyooka.

Siku mbili kabla ya sherehe alikuwa ukumbini, ameketi kwenye kiti anapinda pindo za kitambaa cheupe ambacho mtoto atatembezwa juu yake. Mshereheshaji akaingia, kijana mchangamfu, koti limembana kila mahali. Hawakuwa wamewahi kuonana.

"Mama, wewe ni wa familia? Nisaidie kukagua ratiba." Akasoma: "Saa nane kamili, kukata kamba. Anaitwa mbele Inkar, bingwa wa mbio wa mkoa, binamu yake mama wa mtoto."

Sindano ilisimama. "Umekosea. Anayekata ni shangazi wa mtoto."

"Aa, huyo!" Kijana akacheka. "Huyo nimeonywa. Ana mguu mbovu, nisimwite mbele. Nimpe bakuli la peremende awarushie wageni, asijisikie vibaya."

"Nani kakuonya?"

"Baba mtu mwenyewe. Sikiliza, nisije nikaonekana mzushi." Akabonyeza ujumbe wa sauti kwenye simu.

Sauti ilikuwa ya Daulet, nyepesi, ya mtu anayependekeza jambo dogo. "Kaka, apa asijue mapema, atalia. Siku yenyewe mbele ya watu atanyamaza. Unanielewa, mtoto akichukua mwendo ule, nani atanilaumu kama si mke wangu?" Na mwishoni akacheka kidogo.

"Umesikia?" kijana akauliza.

"Nimesikia," Kulyash akasema, akaendelea kushona. Hakusimama mpaka yule kijana alipoondoka.

Jioni Daulet alipita kwake kula, kama kila Alhamisi. Kulyash alimwekea supu. Alijiambia, nitampa nafasi. Labda amekuja kusema.

"Daulet, siku ile nivae nini? Macho yote yatakuwa kwangu."

Daulet alipuliza supu. "Vaa lile gauni la bluu, apa. Linakupendeza. Kamba imekwisha?"

"Imekwisha."

"Hakuna kama wewe," akasema, akaomba supu tena.

Usaliti wa sauti ya simu angeweza kuutafutia kisingizio: mke, mama mkwe, maneno ya watu. Huu wa mezani hakuweza.

Siku ya sherehe alivaa gauni la bluu. Alifika mapema, akakaanga maandazi ya wageni, akamvika Ansar kofia yake ya nakshi. Saa nane mshereheshaji akapaza sauti kumwita Inkar, akaja msichana mrefu mwenye miguu ya swala, wageni wakipiga makofi. Kijana alipogeuka na bakuli la peremende akaonyeshwa shangazi wa mtoto ni nani, uso ukamshuka.

"Mama... samahani, sikujua."

"Huna kosa, mwanangu." Kulyash alilipokea bakuli, akalipeleka hadi alipoketi Daulet, akaliweka mapajani mwake. Kisha akaelekea mlangoni, akipita katikati ya meza bila haraka na bila kuuficha mguu.

Daulet alimfikia uani. "Apa, usiniaibishe! Ni Nurila na mama yake waliong'ang'ania."

"Sauti niliyoisikia kwenye simu ilikuwa ya Nurila?"

Daulet akalihamishia bakuli mkono wa pili.

"Na aliyekula supu yangu Alhamisi, alikuwa mama mkwe wako?"

"Ningekwambiaje, apa?"

"Kwa mdomo. Ule ule ulioomba supu ya pili."

Alimwacha amesimama na bakuli, akaenda kutafuta teksi.

Mwezi mzima hakuonekana kwao. Yaya waliyemwajiri aliacha kazi, wa pili akawa analala mchana, na asubuhi moja Daulet akafika sokoni na Ansar begani. Mtoto alipomwona shangazi yake alijirusha.

"Mwache," Kulyash akasema, akimpokea. "Njoo umchukue saa kumi na moja."

Daulet alibaki pale akitazama birika la chai nyuma ya meza, ambako zamani alijimiminia bila kuomba. Kulyash alimgeukia mteja, akaanza kumtafutia viatu vya namba arobaini. Hatimaye Daulet akaondoka.

Sasa ni mwaka wa tatu. Ansar huletwa kila siku, hulala kwenye marobota ya sufu na kumwita Kulyash mama mbele ya mtu yeyote. Alhamisi supu hupikwa ya watu wawili, yeye na mtoto. Daulet husubiri nje ya mlango.