Unga Nilioutangaza kwenye Spika

Spika za kanisa letu kabla ya kutoa neno hupiga mluzi kwanza: fiiii, mwembamba, wa kutia meno ganzi, kisha krr-krr, ndipo sauti ya mtu inatoka. Mpaka leo nikisikia bati linakwaruzwa, moyo unanilipuka. Maana Jumapili ile mluzi ulipokatika, sauti iliyofuata ilikuwa yangu.

Kanisa lipo Kihonda, mabati na viti vya plastiki, na spika mbili juu ya nguzo zinatazama mtaani, ili hata wasiokuja walipate Neno. Nilizipenda mno. Nilishuka kutoka Mgeta na kidato cha pili changu, nikajifunza cherehani, lakini kichwani nilikuwa mhubiri wa viwanjani, watu wamejaa hadi juu ya kuta. Nikishona naimba, nikichota maji naimba. Niliamini nyumba nzima tuliyopanga inamwona Yesu kwangu. Zaidi ya wote, nilitaka mama wa chumba cha pili ndiye amwone.

Yeye ni Mwislamu, mtu wa Turiani, anauza vitumbua kituoni. Nilipohamia pale na shuka moja na ndoo, ndiye aliyenipa mkeka. Jioni alikuwa anasukuma bakuli la wali mlangoni kwangu na kuondoka kabla sijasema asante. Habari za wali ule sikuzisikia bombani, akina mama wa nyumba wanapopiga soga, hata siku moja.

Mvua za masika mwaka huu zilimkalisha. Vitumbua havikutoka, na mumewe aliyekwenda kukata miwa alikuwa kimya. Asubuhi moja nikamwona anachemsha maji, anayatazama yanavyochemka, hatii kitu. Nikaingia ndani, nikajaza bakuli langu unga, nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili.

“Mungu akuone, mwanangu. Lakini liishie hapa, mimi na wewe.”

“Litaishia hapa, mama.”

(Haya naandika kwa ruhusa yake. Nilipomwomba alisema, “Andika, ila safari hii aibu iwe yako.”)

Jumapili ikafika, ukafika muda wa shuhuda. Mmoja akashukuru kwa safari njema, mwingine kwa mtoto kupona. Mimi sikuwa na kitu, lakini miguu ilishasimama. Fiiii!

“Bwana asifiwe! Ndugu zangu, nina jirani yangu pale chumba cha pili, tena si wa imani yetu. Alikuwa hana hata unga wa kukoroga uji. Bwana akaniinua mimi! Alipouona ule unga, alilia machozi!”

Vigelegele. Kwa kweli hakulia. Hayo machozi niliyaongeza mwenyewe, vigelegele vilikuwa vitamu.

Nilirudi nyumbani na sare yangu ya kwaya, natembea kama bibi harusi. Spika zile zinasikika hadi uani kwetu. Sijui kwa nini sikulifikiria hilo. Akina mama walikuwa bombani wanangoja maji.

“Karibu, mtume wa unga!” akasema mmoja.

“Na mimi chumvi imeniishia, nitangazie na mimi basi!”

Wakacheka mpaka ndoo ikapinduka. Kisha yule wa kwanza akamgeukia mama wa chumba cha pili, aliyekuwa ameinama anasugua sufuria. “Dada, kumbe ulikuwa unalia, na sisi tupo?”

Alisugua tu, pale pale palipokwisha kung'aa.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba.”

Siku zote husema “marahaba, mwanangu.” Siku hiyo neno liliishia njiani.

Jioni alikuja na bakuli langu. Kwetu chombo hakirudi kitupu, hilo najua. Lakini lile lilirudi na unga kama ule nilioutoa, umejaa hadi kufanya kichuguu, na kitambaa safi juu.

“Mama, sikukukopesha.”

“Najua. Ulinipa. Halafu ukanivua nguo barabarani.” Hakupandisha sauti, na afadhali angenigombeza. “Nilikuwa nawaambia wenzangu, huyu binti ana dini. Kumbe ana spika.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Ila nikikwama tena, wewe sitakuambia.”

Akaingia kwake. Mimi nikabaki nimekumbatia bakuli kama mtoto wa watu. Msamaha nilikuwa nimeupata, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa.

Wiki ile nilipanga kusimama tena kanisani niombe radhi mbele ya wote. Nilishaandaa hata maneno ya kuanzia, na nguo ya kuvaa nilishaipiga pasi. Ndipo nikajiona: nipo pale pale, mkono unatafuta kipaza sauti. Aibu ikanishika upya, nikairudisha nguo kwenye begi.

Mvua zilipopungua alianza tena kwenda kituoni alfajiri na vitumbua vyake. Zamu yake ya usafi ilipofika, aliondoka kabla hajafagia uwanja. Niliamka, milima ya Uluguru yote imejifunika ukungu, nyumba nzima imelala. Majani ya mwarobaini yalikuwa yamegandana na tope mbele ya mlango wake. Nikachukua ufagio. Wimbo ukanijia kooni kama kawaida, nikaumeza. Nikafagia uwanja wote, nikazibua na mfereji, nikaurudisha ufagio nyuma ya pipa, vile vile ulivyokuwa umeegemezwa. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango taratibu usilie.