Kichwa cha Habari Kinachosubiri Jina

Mhariri wetu wa habari za uhalifu ana kalamu nyekundu nyuma ya sikio na swali moja mdomoni. Mtu akichomwa kisu, haulizi kama amepona, anauliza, "Aliyemchoma anaitwa nani?" Jina likiwa la dini ile nyingine, dini inapanda kwenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Likiwa la dini yake, anakohoa kidogo, kisha anaandika "msongo wa mawazo." Jana polisi walileta taarifa isiyo na jina. Kalamu ikaganda hewani, chai ikapoa, simu tatu zikapigwa bure. Nikamwonea huruma.

"Bosi, si uandike tu mtu kamchoma mwenzake kisu?"

Akanikodolea macho kana kwamba nimemtukania mama.

"Mtu? Mtu hivihivi tu? Nani atasoma?"