Mshipa wa Mama Gati na Kesi Iliyonifuata Hadi Homa Bay

Kwangu mimi, Kehancha, mji wa hapo jirani tu, tayari ni ughaibuni. Nimekaa Ntimaru hadi mbwa wa majirani wameacha kunibwekea. Kilichoning'oa ni presha ya mke wangu Robi, mama Gati. Ana miaka thelathini na moja, na huku kwetu presha ya mwanamke kijana ina chanzo kimoja tu: mawazo. Mawazo nayo chanzo chake ni kimoja: mume.

Wakwe walinikalisha. Mjomba wake akasema, "Baba Gati, msichana tulikupa mzima. Punguza kumfikirisha." Nikapunguza, walahi. Mbuzi akifa namzika kimyakimya. Nikawa natembea kwangu kama mwizi. Zahanati ikaongeza dawa ya pili, halafu ya tatu. Presha ikapanda, na mimi nikazidi kuonekana mbaya.

Migori tulifika saa nne asubuhi, kwenye gari la jirani anayepeleka ndizi. Hospitalini Robi akatolewa damu. Daktari kijana akasoma majibu, akayasoma tena.

"Hii dawa ya tatu ameianza lini?"

"Mwezi uliopita."

"Tangu hapo figo zimerudi nyuma sana. Aiache leo. Na mwende Homa Bay, kuna daktari wa figo."

Dawa hiyo nilikuwa namkumbusha mimi mwenyewe, kila asubuhi, na kikombe cha maji mkononi.

Homa Bay tuliingia jioni. Huko ameolewa Boke, mama mdogo wa Robi, ambaye kwa desturi ni mama mkwe wangu vilevile. Sitazamani naye, silali nyumbani mwake. Alitupokea huku ameangalia ukuta. "Robi, mwambie mgeni wetu kitanda chake kiko kwa jirani." Jirani anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Nililala kando ya magunia, na asubuhi paka wa mtaa mzima walinisindikiza hospitalini.

Klinikini Boke akaja pia, akakaa akinipa mgongo. Daktari, mama mmoja mrefu wa sauti ya chini, akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye presha.

"Hakuna," Boke akajibu. "Daktari, ugonjwa wenyewe umekaa hapo nyuma yangu."

Daktari akatabasamu, akamlaza Robi na kumwekea kile chombo cha kusikilizia moyo. Lakini hakukiweka kifuani, alikiweka tumboni, kando ya kitovu. Akasikiliza sana. Tabasamu likaisha. Akanitia chombo masikioni.

"Sikia."

Vuu. Vuu. Vuu. Nilishtuka nikataka kukitupa. Miaka kumi nalala karibu na tumbo hilo, na sikujua kuna upepo ndani.

"Hiyo ni damu inalazimishwa kupita mahali pembamba," akasema, akamgeukia Boke. "Mama, haya si mawazo."

Boke akashangaa kwa Kijaluo cha huko alikoolewa: "Yawa!"

Kesho yake picha za mishipa zikatoka. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya kulia ulikuwa umebanwa hapa na pale kama uzi wa shanga. Daktari aliposikia tunalima tumbaku, akanielezea kwa mpira wa kunyweshea kitalu: mtu akiukanyaga, miche ya mwisho inakauka. Figo ikikosa damu hudhani mwili mzima umeishiwa, basi inaamrisha presha ipande. Dawa ile ya tatu ilizima amri hiyo, na figo ikapoteza hata kile kidogo ilichokuwa ikipata.

"Na tukiacha tu?" nikauliza.

"Figo imeanza kunyauka. Na presha ya namna hii siku moja hupasua mshipa wa kichwa."

Robi akasema polepole, "Gati bado hajaanza shule."

Sikuwa na mzaha wowote mfukoni siku hiyo.

Kisumu ndiko kwenye mtambo wa kuufungua mshipa huo. Waliingiza mrija mwembamba kwenye paja, wakaupandisha hadi kwenye mshipa wa figo, wakavimbisha puto dogo mahali palipobana hadi mshipa ukapanuka, wakalitoa. Robi alikuwa macho muda wote! Mimi niliyekuwa nje ndiye niliyelazwa kwenye benchi na kupewa maji. Alipotoka, presha iliyokuwa mia mbili na kumi ilikuwa imeshuka hadi mia moja arobaini. Nikaomba wapime tena. Nikaomba na mara ya tatu, wakanifukuza.

Ntimaru tumerudi. Robi anameza kidonge kimoja, na vipimo vya figo vinakuwa vizuri taratibu. Daktari amesema mshipa unaweza kubana tena, kwa hiyo tutarudi kukaguliwa. Nilichojifunza ni hiki: kijana akiwa na presha isiyosikia dawa, msikimbilie kumkalisha mume. Ombeni figo na mishipa yake ipimwe.

Jumapili mama mkwe mwenyewe, aliyemzaa Robi, alikuja. Akakaa nyuma ya jiko, mimi mbele, ukuta katikati kama adabu inavyotaka.

"Robi, mwambie mwenzako tumesikia kwamba hakuwa yeye."

Nikajinyoosha kitini.

"Muulize, huo mshipa ulikuwa wa upande gani?"

"Wa kulia, mama," Robi akajibu.

"Haya. Mwambie wa kushoto ukibanwa, tutajua ni yeye."

Robi akacheka hadi akajishika ubavu, ule wa kulia.