Matairi Aliyomnunulia Mama Mkwe

Mume wangu Christophe-Aimé ni mtu mwema, na nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele huenda nisipate nafasi. Hanywi, hagombani na mtu, na Jumapili anaimba besi kanisani. Lakini mpe kitu cha kuchagua, hata kiberiti, utajuta.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya matairi. Yale ya pikapu yetu yalikuwa yamekwisha, laini kama kiganja. Na mama yangu, Véronique, tunayeishi naye hapa Gihundwe, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, hatofautishi mbuzi na jirani. Daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali ya Mibirizi mara moja tu msimu ule, na njia ya kule wakati wa mvua ni tope tupu. Bila matairi mapya Mama asingefika, na asipofika angebaki gizani mpaka daktari arudi, siku anayoijua Mungu. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu: nunua matairi manne.

Alichagua mwezi mzima. Anakula huku anatazama matairi kwenye simu. Ananiuliza mimi, muuza vitambaa, kama rimu ya kumi na saba si bora kuliko ya kumi na sita. Mwishowe nikamfuata mpaka kwa Mudathiru, fundi wa matairi pale Kamembe, nione mwisho wake.

"Papa, gari yako inavaaka mia mbili na tano, jante kumi na sita," Mudathiru alimwambia, yaani upana wa tairi na rimu yake. "Tia ileile, yenye meno ya matope. Inatosha."

"Na hizi?" Mume wangu alikuwa tayari ameegemea mengine, mapana, marefu mpaka kiunoni.

"Hizo ni za muntu mwenye anapenda bamuone."

"Ni juu ya mama-mukwe wangu," akasema, kwa sauti ile ya kanisani.

Akayanunua. Kila alipokata kona yalisugua bodi, kwa hiyo springi nazo zikainuliwa. Gari likapanda karibu shibiri nzima. Nilimuuliza mume wangu, Mama ataingiaje? Akasema, "Ataingia tu."

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa inanyesha. Mama, ndani ya kitenge chake kizuri, aliinua mguu, akatafuta pa kukanyaga, akakosa. Nikamsukuma. Mimi ni mfupi kuliko yeye, na yeye si mwepesi. Christophe-Aimé alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja msibani. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake, hata mkono hampi. Nilileta kigoda, kikazama topeni na kuvunjika mguu. Nilimpigia mwenye teksi, akasema kwa mvua ile hapandi kule. Wanaume wa jirani walikuwa wameshaenda kazini. Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

Ndipo mume wangu akauvuta mtandio begani mwangu, akapiga magoti, mikono kwenye tope chini ya mlango, na shati lake jeupe hivyohivyo, akajifunika mgongo ili nguo iwe kati yao. Akanionyesha kidole mdomoni.

"Mama," nikasema, "kuna gunia hapa. Kanyaga."

Mama akakanyaga. Akatulia kidogo. "Hii gunia iko moto."

"Ni unga, Mama. Inatoka kwa mashini sasa hivi."

Akaingia. Njiani, nakubali, gari halikuteleza hata kidogo. Tulipita lori lililokwama, na Christophe-Aimé akanigeukia aone uso wangu. Nikatazama dirishani. Pale Mibirizi Mama alijiachia mwenyewe kutoka mlangoni, akaniangukia mimi.

Daktari alimpasua jicho moja siku ileile, na kesho yake wakamfungua bandeji. Alitoka akitazama kila kitu: majani, ukuta, nywele zangu. "Josiane, umezeeka," akaniambia. Nilifurahi mpaka nikasahau kukasirika.

Kisha tukafika penye gari. Yule mtu aliyewaza rimu mwezi mzima hakuwaza hata dakika moja kwamba Mama sasa anaona. Aliposikia miguu yetu alipiga magoti mbele ya mlango, mtandio mgongoni, uso chini.

Mama akasimama. Akayatazama matairi kutoka chini mpaka juu. Akamtazama mkwe wake.

"Josiane," akasema polepole, "njo hii ile gunia?"

Nikautazama mtandio wangu mgongoni mwake.

"Mukwe, simama."

Akasimama, magoti yamejaa tope, macho yake kwenye viatu vyake. Mama akamnyooshea mkono. Miaka yote niliyoolewa sikuwahi kuuona mkono ule ukimwelekea yeye.

"Unipandishe."

"Mama, mimi siwezi..."

"Nilishakukanyaga, mukwe. Unaogopa nini tena?"

Mume wangu akanitazama, mtu mzima yule, kama anaomba ruhusa. "Umesikia," nikamwambia. "Mupandishe."

Akamwinua kwa mikono miwili, akamketisha taratibu, akamrekebishia kitenge kwenye magoti. Kisha akabaki ameshika mlango. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba matairi ya mia mbili na tano yangetufikisha vilevile, bila gunia na bila aibu. Nikapanda kiti cha nyuma, nikanyamaza mpaka nyumbani.