Saa ya Bwana Harusi Isiyoruhusiwa Kuvaliwa

Siku ya kwanza niliyokaa kwenye meza ya saa tulikuwa watu wanne, nami nitawataja wote ili msipotee. Alikuwepo Ami Abeid bin Salimu, fundi saa, mwenye meza na mwenye nyumba. Alikuwepo mkewe, Bi Zuwena binti Hamadi, dada wa baba yangu, yaani shangazi yangu, ndiye aliyenipokea nilipofiwa. Alikuwepo Rajabu bin Khalfani, mtoto wa kaka yake Ami, mwanamume mzima mwenye masharubu, naye akijifunza kazi. Wa nne ni mimi, Mwanahamisi binti Juma. Mume wangu, Omari bin Shomari, alikuwa ameshatangulia, Mungu amrehemu. Alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli pale Gerezani, homa ikamchukua kwa wiki moja, na siku hiyo mimi nilikuwa nimetoka eda majuzi tu.

Zama hizo ni za Mwingereza, baada ya vita vya kwanza na kabla ya vile vya pili. Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, karibu na soko. Meza ilikuwa chumba cha mbele, dirisha likiangalia njia. Ami na Rajabu walikaa upande wa dirisha, mimi nilikaa nyuma ya pazia, na saa zilipita chini ya pazia juu ya kitambaa cha bafta. Wateja wengi hawakujua kabisa kwamba kuna mwanamke mle.

Nilipewa kiti kile kwa sababu vidole vya Ami vilikuwa vimeanza kutetemeka. Macho alikuwa nayo, sikio alikuwa nalo, ila kidole gumba na cha shahada havikumsikiliza tena. Na kazi ya kutia saa ufunguo ni ya vidole hivyo viwili. Ndani ya saa mna utepe mwembamba wa chuma uliojiviringisha, tukiuita kamani. Pembeni mna kidude kidogo cha kuzungusha, sisi mezani tulikiita kikonyo. Ukizungusha kikonyo, kamani inajikaza, na inapojifungua polepole ndiyo inayosukuma akrabu, ile mishale ya usoni. Ukiizungusha kidogo, saa inalala kabla ya kesho. Ukiipitiliza, kamani inakatika na mwenye saa anakuja na maneno. Lazima kidole kijue mahali saa inapogoma.

"Usitazame," Ami aliniambia siku ile ya kwanza. "Macho yanaharakisha mtu. Fumba, sikiliza kwa kidole."

Rajabu akacheka. "Ami, huyu amezoea kukuna nazi. Ataikuna saa hii mpaka itoe tui."

"Wewe ulikata kamani ngapi mwezi uliopita?" Shangazi akamwuliza kutoka uani. Rajabu akajitia kupangusa kioo.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakitafuta mezani pale. Mzee Kibwana wa Magomeni, muuza mkaa, alikuwa ameshaleta posa. Alikuwa na wake wawili na kikohozi. Si mtu mbaya, simsemi. Ila mimi nilikuwa nimeishi na Omari, na moyo wangu haukuwa tayari kwenda kuwa wa tatu kwa mtu yeyote. Ami aliniambia wazi: "Mwanahamisi, nyumba hii haiwezi kulisha mtu asiye na kazi. Ukiiweza meza, nitamwambia Kibwana binti ana kazi yake. Usipoiweza, nitamjibu ndiyo." Basi nikaapa moyoni kwamba kwenye kiti kile sitoki.

Miezi ikapita. Nikajifunza kumuuliza kila mteja, kupitia kwa Rajabu, saa yake inafuata nini, maana wazee wa Kiarabu waliweka akrabu kwenye kumi na mbili jua linapozama, na makarani wakafuata saa ya afisini. Nikajifunza saa za mfukoni, saa za ukutani, na za mkononi zilizokuwa zimeanza kuwa fasheni. Halafu ikaja ile ambayo hakuna mtu mezani petu aliyewahi kuishika.

Aliileta Bwana Nasoro bin Seif, mfanyabiashara wa ngozi, mtu mkubwa mjini, na mteja aliyetuletea wateja wengine nusu ya wale tuliokuwa nao. Ilikuwa saa ya dhahabu, imefika melini kutoka Ulaya, zawadi ya kumpa mkwewe mtarajiwa, kijana karani wa forodha bandarini, anayemwoa binti yake Salma.

"Niliambiwa inajitia ufunguo yenyewe," alisema, nami namsikia nyuma ya pazia. "Kumbe imelala kama maiti. Nimeuziwa bangili?"

Ami akaifungua mgongo. Ndani mkaonekana kipande kizito cha chuma, umbo la nusu mwezi, kinachoyumba ukiinamisha saa. Tukakiita pembea. Mkono ukienda, pembea inayumba, na kuyumba kwake ndiko kunakokaza kamani. Kwa hiyo saa ile ilitaka kuvaliwa.

"Basi mpe mtu aivae mpaka siku ya harusi," Ami akasema.

"Hapana! Kwetu kitu cha bwana harusi hakivaliwi na mtu kabla yake, si kanzu, si kilemba, si saa. Mama yangu, Bibi Moza, hatakubali. Na hatakubali vilevile ifike ukumbini imesimama. Saa iliyokufa mkononi mwa bwana harusi! Atasema tumemzika binti."

Akaondoka, akatuachia saa na mtihani wake. Isivaliwe, na isisimame.

Rajabu akaichukua akaanza kuitikisa kama anapepeta mchele. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Ami akamwambia azungushe kikonyo. Kikonyo chenyewe kilikuwa kimekazwa kama kizibo ili maji yasiingie, ilibidi ukifungue kwanza. Rajabu akafungua, akazungusha, akazungusha, jasho likamtoka puani. Saa haikugoma.

"Imekatika," akasema. "Kamani imekatika, Ami. Haina mwisho. Tuifungue yote."

Ami hakunyosha mkono. Nilijua anaogopa. Kufungua saa ile yote kwa vidole vile vya kutetemeka, au vya Rajabu, ilikuwa kuiharibu.

"Nipitishieni," nikasema.

"Wee, hii si nazi!"

"Rajabu, nipitishie."

Ikapita chini ya pazia. Nikaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea! Kamani iliyokatika haitembezi saa. Nikafumba macho, nikazungusha polepole, kidole gumba kikisukuma kwenda mbele. Mwanzoni kikonyo chepesi, halafu kikawa kizito kidogo, halafu nikasikia kitu ambacho saa nyingine hazina: uzito uleule ukibaki palepale, na ndani kitu kinateleza, kama mkufu unavyoteleza kitambaani. Nikaacha. Ami akaisikiliza naye. Baada ya kufikiri sana akasema lazima aliyeiunda aliiachia kamani iteleze ikijaa, maana pembea haijui kusimama, ingeikata kila siku.

"Kwa hiyo haigomi," nikasema. "Inatuambia tu kwamba imeshiba."

"Na shibe hiyo inafika wapi?"

Hilo hatukulijua. Tukaiweka mezani juu ya bafta, imetulia, mtu asiiguse. Ilikuwa Jumatatu alasiri. Mimi sikuisogelea wala sikuiacha. Nilipika naisikiliza, nilifua naisikiliza. Ikalala Jumatano asubuhi. Basi tukajua: ikijazwa kwa mkono, bila kuvaliwa, inavuka usiku wake na mchana, na usiku wa pili haiumalizi vizuri.

Nikah ilikuwa Alhamisi alasiri. Alhamisi asubuhi nikafungua kikonyo, nikaijaza mpaka ikateleza, nikakivuta nje kuweka akrabu kwa saa ya afisini, maana bwana harusi ni karani, nikakirudisha, nikakikaza. Rajabu akaipeleka kwa Bwana Nasoro, ikawekwa kwenye sinia pamoja na joho, udi na marashi.

Adhuhuri mvua ikaanguka. Si mvua ya kusimulia, ninyi mnazijua. Turubai la uani kwa Bwana Nasoro likakaa chini na nguzo zake, njia zote za Kariakoo zikawa tope, na jamaa za bwana harusi wakakwama ng'ambo ya Kigamboni. Ikatangazwa nikah imeahirishwa mpaka Jumamosi asubuhi.

Nikasimama. Shangazi akaniangalia. "Itasimama," nikamwambia.

"Subiri mvua ikatike."

Ikatika Ijumaa baada ya sala. Nikavaa buibui, nikapandisha kanga, nikaingia topeni, Shangazi nyuma yangu anasonya njia nzima.

Nyumba ya Bwana Nasoro ilijaa wanawake, wanachambua mchele, wanasokota maua ya asmini. Bibi Moza alikaa juu ya mkeka, sinia mbele yake. Nikamwamkia, nikamweleza: saa inakaribia kulala, nimekuja kuitia ufunguo.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe si yule mke wa Omari wa reli?"

"Ndiye, Bibi."

"Mjane aguse saa ya bwana harusi? Toka hapo, mwanangu. Sina ubaya na wewe, lakini toka. Mlete Abeid."

"Ami vidole vinamtetemeka, Bibi. Rajabu anazungusha kwa hasira. Usiponiacha, kesho asubuhi itakuwa imekufa hapo kwenye sinia, na wewe ndiye utakayempa bwana harusi."

Wanawake wakaacha kuchambua. Niliona mikono ya Bibi Moza imekamata ukingo wa sinia. Huku hataki saa isimame, huku hataki mkono wangu. Mimi nilimwona Mzee Kibwana waziwazi, na gunia lake la mkaa, kama amesimama mlangoni ananisubiri nishindwe. Sikusogea.

Hapo Shangazi akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa: "Bibi Moza, sinia hii imepangwa na nani?"

"Na mimi. Nani mwingine?"

"Na joho ulilikunja wewe?"

"Mimi."

"Bwana wako, Seif bin Nasoro, Mungu amrehemu, hajambo huko aliko?"

Mtu akacheka nyuma, sikumwona, halafu wengine, halafu nyumba nzima. Bibi Moza alikuwa mjane tangu Mjerumani alipokuwa bado yupo! Akatutazama mmoja mmoja. Nikadhani atatufukuza sote. Akatoa kicheko cha puani, akasogea mkekani akaniachia nafasi.

"Zuwena, ulimi wako utakupeleka pabaya. Njoo, binti. Nawa mikono kwanza."

Nikanawa. Nikakaa kando yake. Saa ilikuwa bado inatembea. Nikaiacha palepale kitambaani, nikafungua kikonyo, nikafumba macho. Bibi Moza akaweka sikio lake karibu na vidole vyangu mpaka nikasikia pumzi yake. Ilipoteleza, yeye ndiye aliyesema: "Imeshiba." Sikuwa nimemwambia neno lile.

Jumamosi Bwana Nasoro aliichukua kwenye sinia, akaiweka sikioni mbele ya watu, akamvisha mkwewe. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, sikuona, niliwasikia wakileta takbiri. Jumatatu Ami alimjibu Mzee Kibwana kwamba binti ana kazi yake. Na lile pazia, Ami mwenyewe alilivuta pembeni, akalifunga kwa uzi, halikurudi tena.

Ami alipotangulia naye, nikahamia Uhindini, kwenye duka kubwa la saa. Bwana Meneja Fransisi, Mgoa, mtu wa tai na haraka, alinijaribu kwa saa ya pembea.

"Mama, huitazami?"

"Saa inatazamwa na mwenye nayo, Bwana Meneja. Mimi naisikiliza."

Akaniajiri. Nilikaa pale mpaka nywele zikageuka, nikarudi Kariakoo, kwenye meza ya Ami, nikaifanya mpaka vidole vyangu navyo vikaanza kutetemeka. Siku vilipoanza nilijua, nikafunga kitambaa cha bafta, nikastaafu. Sikumngoja mtu aniambie.

Siku hizi mna saa za betri, haziulizi kitu. Lakini zile za pembea bado zipo kwenye makabati ya mabibi zenu, na naona mkizitoa mnazitikisa kama Rajabu. Msitikise. Fungua kikonyo, sukuma kidole mbele taratibu, ikiteleza acha, weka akrabu, kaza kikonyo, ndipo uvae.

Kama nimekosea jina la mtu, au kama mvua ile ilikuwa ya Jumatano na si ya Alhamisi, yeyote wa ukoo wa Bibi Moza au wa Ami anijie anisahihishe, nitamshukuru. Bi Salma, kama uhai upo, nisahihishe wewe kwanza. Ila kwamba saa ilikuwa inatembea nilipofika, na ilikuwa inatembea nilipoondoka, hilo msinisahihishe. Tulikuwa wawili tulioisikia.